Kiti cha Ubunge ni cha Nani?

Mwenyekiti wa kijiji katika kata ya Mbangala, Wilaya ya Songwe, analala akijua kuwa cheo chake si mali yake. Akifuja fedha zilizochangwa kwa ajili ya zahanati, au akikataa kusoma hesabu za mapato na matumizi, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kumkalia kikao na kumwondoa kabla ya miaka yake mitano kwisha. Waliomkabidhi muhuri ndio hao hao watakaomnyang'anya. Wapiga kura hao ni wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wengi wao hawajapata kufungua kitabu cha sheria. Hata hivyo hajatokea mtu wa kusema kwamba hawajakomaa kiasi cha kumpima mwenyekiti wao.

Lakini wapiga kura hao hao wakiinua macho yao kutoka kwa mwenyekiti hadi kwa mbunge, sheria inawageuza kuwa watoto wadogo. Mbunge anaweza kuhamia Dodoma siku ile ile ya kuapishwa, asionekane tena Mbangala mpaka msimu wa kugawa kofia na kanga. Anaweza kukaa bungeni miaka mitano bila kuitamka kata hiyo kwa jina. Katika yote hayo mpiga kura hana la kufanya ila kusubiri. Ndiyo kusema kwamba katika nchi hii kiongozi mdogo huwajibishwa na wananchi, na kiongozi mkubwa huwajibishwa na kalenda.

Walimu na watumishi wa umma wanalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mwalimu anapoajiriwa huwekwa kwanza katika kipindi cha majaribio. Akithibitishwa kazini hupimwa kila mwaka, jana kwa fomu za OPRAS, leo kwa mfumo wa PEPMIS. Akitoroka kazi, Tume ya Utumishi wa Walimu inamngoja. Hakuna mwalimu aliyethubutu kumwambia mwalimu mkuu kwamba habari za darasa lake zisiulizwe mpaka miaka mitano ipite. Iweje basi mtumishi anayefundisha watoto arobaini apimwe kila mwaka, na mtumishi anayewakilisha maelfu ya watu asipimwe na wenye kazi hata mara moja katikati ya safari?

CHAMA, SPIKA NA MAHAKAMA

Si kweli kwamba sheria za Tanzania hazijui njia ya kumtoa mbunge katikati ya muhula. Zinaijua vizuri sana. Ibara ya 71 ya Katiba ya 1977 inaeleza kwamba mbunge hupoteza kiti chake akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Hukipoteza pia akikosa kuhudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Mahakama nayo inaweza kuutengua uchaguzi wake. Kwa hiyo chama kina ufunguo, Spika ana ufunguo, na jaji ana ufunguo. Aliyenyimwa ni mwenye nyumba.

Utaratibu huu una historia. Katika mfumo wa chama kimoja ulioanza mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU walisimama mbele ya wananchi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi hawakuchezewa. Katika uchaguzi huo wa 1965 hata Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Umma ulionyesha kwamba ukipewa nafasi ya kuhukumu hauogopi ukubwa wa mtu. Lakini nafasi hiyo ilikuja mara moja tu katika miaka mitano, na baina ya uchaguzi na uchaguzi hukumu ilibaki kwa vikao vya chama. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Ndugu Joseph Kasella-Bantu, na kwa kufukuzwa huko wakapoteza ubunge. Wakati ule ilielezwa kwamba chama ndicho umma wenyewe. Tangu Julai 1992 vyama ni vingi, na hakuna chama kinachoweza kudai tena kwamba chenyewe peke yake ndicho umma. Mantiki ile imekufa, lakini ufunguo umebaki mikononi mwa vikao vile vile.

Matokeo yake yameonekana, tena katika Mkoa wa Songwe wenyewe. Mwezi Mei 2020 Kamati Kuu ya CHADEMA ilimvua uanachama Ndugu David Silinde, aliyekuwa mbunge wa Momba, pamoja na wenzake, baada ya wabunge hao kuingia bungeni kinyume cha agizo la chama wakati wa ugonjwa wa korona. Spika wa wakati huo, Ndugu Job Ndugai, akawataka waendelee na kazi. Chama kilisema kiti kimekwisha, Spika akasema kiti kipo. Baadaye mwaka huo huo Ndugu Silinde alihamia CCM, akagombea Tunduma na kushinda. Iwe alikosea au hakukosea, si neno. Neno ni kwamba katika mvutano wote huo juu ya kiti cha Momba, wapiga kura wa Momba ndio watu pekee ambao hawakuulizwa.

Na sheria hiyo haikukata sawasawa. Mwezi Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walifukuzwa na upande mmoja wa chama kilichogawanyika, na kwa haraka wakakosa viti. Mwezi Novemba 2020 wanachama kumi na tisa wa CHADEMA, wakiongozwa na Ndugu Halima Mdee, walifukuzwa na chama chao, nao wakabaki bungeni mpaka muhula ulipokwisha mwaka 2025. Katiba ni ile ile, ibara ni ile ile, lakini mmoja anatoka na mwingine anabaki. Mizani ikishikwa na wakubwa peke yao, uzito wa mzigo hutegemea mkono wa anayepima.

UCHAGUZI MDOGO WA KUJITAKIA

Kioja kikubwa zaidi kilitokea kati ya mwaka 2017 na 2019. Wabunge wa upinzani, mmoja baada ya mwingine, walijiuzulu ubunge wao, wakatangaza kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, wakajiunga na CCM, kisha wakarudi kwa wapiga kura wale wale kuomba kiti kile kile walichokitupa. Kinondoni na Siha walipiga kura Februari 17, 2018. Monduli na Ukonga walipiga kura Septemba mwaka huo. Waliojiuzulu ndio waliotangazwa washindi, na katika majimbo mengine yaliyofuata mgombea alipita bila kupingwa.

Ulikuwa ni uchaguzi mdogo wa namna gani huo? Hakuna mwananchi aliyeuitisha. Hakuna mbunge aliyekufa, aliyefungwa wala aliyetenguliwa na mahakama. Mbunge alijiondoa mwenyewe, akajirudisha mwenyewe, na Hazina ya taifa ikalipa nauli ya kwenda na kurudi. Na gharama haikuwa ya fedha tu. Siku moja kabla ya kura ya Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa abiria ndani ya daladala aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Roho ya mtu ilitoka katika uchaguzi ambao hakuna mpiga kura aliyeuomba.

Wanaosema kwamba haki ya kumwondoa mbunge italetea nchi uchaguzi mdogo wa mara kwa mara na hasara isiyo na kifani, walikuwa wapi mwaka 2018? Uchaguzi mdogo ukiitishwa na mbunge kwa manufaa ya safari yake ya kisiasa, huitwa uzalendo. Ukipendekezwa uitishwe na wananchi kwa manufaa ya jimbo lao, huitwa ubadhirifu. Huko ni kuwa na vipimo viwili katika duka moja.

KESI YA NGEDERE

Nafasi ya kurekebisha jambo hili ilikuja, ikapotezwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi, ikasikiliza wananchi, na katika rasimu iliyokabidhiwa mwezi Desemba 2013 ikapendekeza kwamba wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Ilipendekeza pia kwamba mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu.

Rasimu hiyo ilipelekwa kwa Bunge Maalum la mwaka 2014. Na Bunge Maalum lilikuwa nani? Lilikuwa wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na wajumbe 201 walioteuliwa. Wenye viti walikuwa wengi kuliko wasio na viti. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani. Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa Oktoba 2014, haki ya kumwondoa mbunge haikuwamo tena, wala kikomo cha vipindi vitatu hakikuwamo. Wananchi walipeleka shoka ili linolewe, wakarudishiwa mpini.

Kura ya maoni juu ya katiba hiyo ilikuwa ipigwe Aprili 30, 2015. Haikupigwa. Kwa hiyo mjadala haujafungwa, umelala tu, na kila mwenye nia njema ana wajibu wa kuuamsha.

FUNZO LA MAJIRANI NA LA MBALI

Ni vema wananchi wajue kwamba kuandika haki katika karatasi si sawa na kuipata. Uganda iliiandika haki hii katika Ibara ya 84 ya Katiba ya 1995, lakini ikadai saini za theluthi mbili ya wapiga kura wote walioandikishwa jimboni. Hicho ni kiwango ambacho wabunge wengi hawakifikii hata siku ya kuchaguliwa. Kisha mwaka 2005 haki hiyo ikafungwa ifanye kazi chini ya mfumo wa Movement tu, na nchi ikarudi katika vyama vingi. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa somo mwaka 2015. Chama tawala cha NRM kiliwafukuza wabunge wanne waliokuwa wakikikosoa, na Mahakama ya Katiba ikaamuru watoke bungeni. Mahakama ya Juu iliikataa hukumu hiyo, ikaamua kwamba mbunge kufukuzwa na chama si sawa na mbunge kukihama chama kwa hiari yake. Maana ya hukumu hiyo ni kwamba kiti hakiko mfukoni mwa katibu wa chama.

Kenya nayo iliiandika haki hii katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010. Bunge lilipotunga sheria mwaka 2011, liliizungushia seng'enge. Lilitaka saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo, na kabla ya hapo hukumu ya Mahakama Kuu kuthibitisha kosa la mbunge. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa viliizuia haki badala ya kuitekeleza. Vijana wa Kenya walipoinuka mwaka 2024 kupinga Muswada wa Fedha na kutaka kuwarudisha nyumbani wabunge waliouunga mkono, walikuta haki ipo katika Katiba na njia ya kuipata haipo. Hata Tume ya Uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na jimbo la Banissa, lililofiwa na mbunge wake Machi 2023, lilimpata mwingine Novemba 2025. Mahali ambapo kiti cha marehemu hukaa wazi kwa zaidi ya miaka miwili, nani atahangaika na kiti cha mzembe?

Mahali ambapo mambo haya yametendeka kwa vitendo ni Uingereza, mkoloni wa jana, na si aibu kujifunza ujuzi hata kwa aliyekuwa bwana. Sheria yake ya mwaka 2015 inasema kwamba mbunge akihukumiwa kifungo, au akisimamishwa na Bunge kwa siku kumi za vikao au zaidi, wapiga kura wa jimbo lake hupewa wiki sita za kutia saini. Wakifika asilimia 10, kiti kinakuwa wazi na uchaguzi mdogo unaitishwa. Huko Rutherglen na Hamilton West, Scotland, mwaka 2023 wapiga kura 11,896, sawa na asilimia 14.7, walimwondoa Margaret Ferrier, aliyesafiri kwa treni akijua kuwa ana korona. Brecon na Radnorshire, mwaka 2019, Chris Davies aliondolewa, chama chake kikamsimamisha tena, na wapiga kura wakamkataa. Lakini mwaka 2018 katika jimbo la North Antrim, Ireland ya Kaskazini, saini ziliishia asilimia 9.4 na Ian Paisley akabaki. Wananchi walipewa rungu, wengine wakalitumia, wengine wakaliacha. Dola haikuanguka.

Wala haki hii si mali ya mrengo mmoja wa siasa. Wafanyakazi wa Jumuiya ya Paris ya mwaka 1871 waliiweka katika misingi ya utawala wao, na wapiga kura wa jimbo la California, katika moyo wa ubepari, waliitumia mwaka 2003 kumwondoa Gavana Gray Davis. Asiyeipenda atafute sababu nyingine, asijifiche nyuma ya itikadi.

HOJA ZA WOGA

Wapinzani wa haki hii wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba mgombea aliyeshindwa ataitumia kumsumbua aliyeshinda. Hoja hiyo ina jibu jepesi, nalo lilikuwamo hata katika ile sheria ya Kenya. Aliyeshindwa haruhusiwi kuanzisha ombi, na hakuna ombi litakalopokelewa kabla ya miezi ishirini na minne ya kwanza.

Ya pili ni kwamba wananchi watahongwa watie saini. Kama mwananchi anaweza kuhongwa kumwondoa mbunge, anaweza pia kuhongwa kumchagua. Je, na uchaguzi mkuu ufutwe? Dawa ya rushwa ni kumkamata mtoaji, si kumnyima haki mpokeaji na jirani yake ambaye hakupokea kitu.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo hoja yao ya kweli: kwamba mbunge ataishi kwa hofu. La hasha! Mbunge anayefanya kazi hana cha kuhofu, kama mwalimu anayeingia darasani hana cha kuhofu mkaguzi akifika. Na kama mzembe ataishi kwa hofu, hapo ndipo sheria itakuwa imeanza kufanya kazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Uzoefu umeonyesha kwamba majivuno hayatoki kwa mahubiri, hutoka pale mwenye majivuno anapojua kwamba anaweza kuondolewa.

Liko shaka moja tu la kweli, na ni haki litajwe. Ombi la kumwondoa mbunge hutiwa saini na mtu mwenye jina, mwenye kazi na mwenye mwajiri. Mwalimu wa Mbangala akitia saini leo, kesho anaweza kupata barua ya uhamisho. Kwa hiyo haki hii bila ulinzi wa mtia saini ni mtego. Orodha ya watia saini iwe siri ya Tume ya Uchaguzi, na kumwadhibu mtu kwa sababu ya saini yake liwe kosa la jinai.

KAZI ILIYO MBELE

Mchakato wa katiba utakaporudi mezani, haki hii irudi nao, tena kwa maneno ya wazi yasiyohitaji sheria nyingine kuitafsiri. Ombi litiwe saini na robo ya wapiga kura walioandikishwa, wakitoka katika zaidi ya nusu ya kata za jimbo, ili kata moja au kabila moja lisiamue kwa niaba ya wote. Lipokelewe baada ya mwaka wa pili na kabla ya mwaka wa tano. Sababu zake zijulikane: kutoonekana jimboni, kutumia vibaya fedha za jimbo, kuhama chama bila kurudi kwa wapiga kura. Aliyeondolewa awe huru kugombea tena, ili naye apate kujitetea mbele ya umma. Na rasimu ya kifungu hicho isikabidhiwe kwa wabunge peke yao, wala chama chochote kisibaki na uwezo wa kufuta kwa kikao cha usiku kura zilizopigwa mchana kweupe.

Chama kilichozaliwa na wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuiogopa haki hii. Kikiiogopa, kitakuwa kimekiri kwamba wagombea wake wanasimama kwa nguvu ya kitu kingine, si kwa nguvu ya wakulima na wafanyakazi hao.

Walimu na watumishi wa umma wana zamu yao. Wao ndio husimamia vituo vya kupigia kura, wao ndio huandikisha wapiga kura, na wao ndio husomea wazee magazeti vijijini. Wakilala, umma utalazwa. Mwanakijiji wa Mbangala amekwisha kufaulu mtihani wa kumwajibisha mwenyekiti wake, na hakuna sababu ya kumkariri darasa lile lile maisha yake yote.